Jiwe Lenye Jina: Nguzo na Misalaba Penye Makaburi ya Kale

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama, kama lilivyosomwa redioni

 

Juma lililopita mlijifunza kusoma tarehe katika barua na katika hati. Leo tutasoma tarehe mahali pengine, nazo ni tarehe za mawe yaliyosimamishwa makaburini. Kabla ya kuanza, nataka kila mmoja wenu afikirie swali hili. Pana kaburi lenye nguzo ndefu, limejengwa kwa gharama kubwa, lakini halina hata herufi moja. Karibu yake pana kaburi jingine, dogo, lisilo na fahari, ila lina mstari mmoja wa maandishi. Baada ya miaka 600, kaburi lipi litatufundisha zaidi? Lishikeni swali hilo. Tutalijibu kabla ya mwisho wa somo.

Nguzo za Pwani

Tuanze katika nchi yetu. Toka hapa Mara mpaka Pwani ni safari ya mbali, lakini kwa redio tutafika mara moja. Kusini ya mji wa Bagamoyo, kama kilomita 5 hivi, pana mahali panapoitwa Kaole. Zamani palikuwa na mji wa Waislamu wenye kufanya biashara ya baharini. Nyumba zao hazionekani tena. Kilichobaki ni magofu ya misikiti miwili ya mawe, pamoja na makaburi kadha wa kadha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bwana Neville Chittick, aliyekuwa na kazi ya kutunza mambo ya kale ya Tanganyika, aliyachimba na kuyachunguza magofu hayo.

Baadhi ya makaburi ya Kaole yana kitu ambacho sisi watu wa bara hatukukizoea. Kaburi limezungushiwa ukuta mfupi, na kutoka katika ukuta huo inapanda nguzo ya mawe, ndefu kuliko mtu. Makaburi ya namna hii huitwa makaburi ya nguzo. Yako pia Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Ukifuata Pwani kwenda juu utayakuta Kenya, mathalani Malindi, na mengine yako mpaka Somalia. Yalianza kujengwa kiasi cha miaka 600 au 700 iliyopita, na yale ya Kunduchi mengi ni ya karne ya 18.

Nguzo hizo zilijengwa kwa nini? Zilijengwa kwa matumbawe, yaani mawe ya baharini. Tumbawe likitolewa majini huwa laini, fundi aweza kulikata na kulichonga atakavyo. Likikaa juani na upepo likikauka, huwa gumu. Matumbawe hayohayo yakichomwa kwa kuni nyingi hutoa chokaa, na kwa chokaa mafundi walishikanisha mawe na kupaka kuta.

Juu ya nguzo, au ubavuni mwake, mafundi walitia bakuli za kauri zilizotoka Uchina. Bakuli hizo zilivuka bahari kwa majahazi, zikapita bandari nyingi kabla ya kufika kwetu. Basi mtu akiona bakuli ya Kichina katika kaburi la Bagamoyo, hahitaji kuambiwa kwamba mji ule ulifanya biashara na nchi za mbali. Bakuli yenyewe ni shahidi. Tena wataalamu wanajua bakuli za rangi fulani na maua fulani zilitengenezwa Uchina wakati gani, na kwa hiyo huweza kukisia kaburi ni la wakati gani.

Lakini ukienda Kunduchi leo utaona matundu ya duara katika nguzo. Hapo ndipo zilipokuwa bakuli, watu wakazibandua wakaenda nazo. Aliyeibandua bakuli alipata chombo kimoja. Sisi sote tulipoteza ushahidi.

Tukumbuke pia kwamba makaburi haya hayakuwa ya kila mtu. Kukata matumbawe, kuchoma chokaa na kununua bakuli za kauri kulitaka mali. Nguzo ilikuwa heshima ya mkubwa. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa mji ule walizikwa bila nguzo.

(Hapa kituo kidogo. Mwalimu wa darasa awaonyeshe wanafunzi Bagamoyo na Malindi katika ramani.)

Msalaba wa Malindi

Sasa twende Malindi, katika nchi ya Kenya. Karibu na msikiti wa Juma yako makaburi ya nguzo. Na katika mji huohuo, juu ya mwamba unaoingia baharini, iko nguzo nyingine ambayo haina kaburi chini yake. Juu yake umesimama msalaba wa jiwe.

Msalaba huo uliletwa na Wareno. Nahodha wao, Vasco da Gama, alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Mfalme wa Ureno alikuwa na desturi ya kuwapa manahodha wake mawe yenye msalaba na ngao yake, ili wayasimamishe katika nchi walizofika. Jiwe la msalaba wa Malindi limetoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nguzo inayolishika imejengwa kwa matumbawe ya hapahapa. Mwaka 1542 padre Francisco Xavier, alipokuwa safarini kwenda Bara Hindi, alipita Malindi.

Tazama basi jinsi mji mmoja ulivyo na mawe ya aina mbili. Nguzo ya kaburini inasema, "Hapa amelala mkubwa wetu." Nguzo ya mwambani inasema, "Mfalme wangu amefika hapa." Moja ni ya wenyeji kumkumbuka mtu wao. Nyingine ni ya mgeni kutangaza nguvu zake. Ukiliona jiwe lililosimama, usiulize umri wake tu. Uliza pia nani alilisimamisha, na alitaka nani alione.

Misalaba ya makanisa ya Uingereza

Katika nchi za Ulaya, msalaba wa jiwe ulikuwa na kazi nyingine pia. Tuchukue mfano wa Uingereza, nchi iliyotawala Tanganyika hata Uhuru wa mwaka 1961.

Katika vijiji vya Uingereza kanisa la parokia huwa na kiwanja chake, na zamani humo ndimo walimozikwa watu wa kijiji. Misalaba ya mawe ilianza kusimamishwa huko zaidi ya miaka 1200 iliyopita. Mmoja uko mpaka leo katika kiwanja cha kanisa la Gosforth, kaskazini ya nchi hiyo. Ni wa karne ya 10, na urefu wake wapita mita 4. Ajabu yake ni kwamba fundi alichonga juu yake mateso ya Yesu pamoja na hadithi za miungu ya zamani ya watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Wakati ule watu walikuwa wanatoka katika dini ya mababu na kuingia dini mpya, na jiwe limeyashika mambo yote mawili.

Karne zilizofuata, viwanja vingi vya makanisa vilikuwa na msalaba mmoja mkubwa, umewekwa juu ya ngazi za mawe. Siku ya Jumapili ya Matawi watu walizunguka kanisa kwa maandamano wakasimama mbele yake. Zaidi ya hayo, msalaba huo mmoja ulikuwa alama ya wafu wote waliozikwa pale. Matajiri walizikwa ndani ya kanisa. Lakini mkulima, mhunzi, mjane na mtoto mchanga walilala nje, chini ya msalaba mmoja, bila jiwe lenye jina la mtu. Desturi ya watu wa kawaida kuwekewa mawe yenye majina yao ilienea tangu karne ya 17 na baadaye.

Misalaba mingi haikubaki mizima. Katika karne ya 16 Uingereza iliachana na Papa wa Roma, na Wakristo wengi wa huko wakaona kuwa sanamu na misalaba ni ibada ya vitu. Mwaka 1643, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, Bunge liliamuru misalaba iondolewe makanisani na katika viwanja vyake. Vichwa vya misalaba vikavunjwa. Katika vijiji vingi zilibaki ngazi na kipande cha mhimili. Wengine walitia juu ya kipande hicho saa ya jua, yaani kibao kinachoonyesha saa kwa kivuli. Katika karne ya 19 watoto wa watoto wao walianza kuitengeneza tena misalaba hiyo, wakaiwekea vichwa vipya.

Jambo hili latufundisha kwamba jiwe, hata liwe gumu namna gani, halijilindi. Linalindwa na watu wanaojua maana yake. Maana ikichukiwa, jiwe huvunjwa. Maana ikisahauliwa, jiwe hufanywa kibao cha saa au tofali la ukuta.

Jiwe linalotaja mwaka

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Nguzo za Pwani, nyingi hazina jina la mtu. Misalaba mikubwa ya viwanja vya makanisa ilikuwa ya wafu wote, nayo haikutaja majina yao. Twajua kwamba watu waliishi, waliheshimiwa na waliliwa machozi. Hatujui waliitwa nani.

Hata maandishi yenyewe yataka kutunzwa. Huko Bewcastle, kaskazini ya Uingereza, uko msalaba wa miaka 1300 hivi uliopoteza kichwa chake. Ubavuni mwake yalichongwa maandishi ya herufi za kale ziitwazo runi. Mvua na upepo vimeyala maandishi hayo, hata wataalamu hubishana juu ya maneno yake. Aliyechonga aliandika, lakini karne zimefuta.

Sasa sikilizeni habari ya Gedi. Gedi ni gofu la mji lililo msituni, kusini ya Malindi. Watu wake waliuhama katika karne ya 17. Zimebaki kuta za jumba la mfalme, misikiti, visima na makaburi. Bwana James Kirkman alianza kuchimba huko mwaka 1948. Mwaka 2024 Gedi iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo Gedi yako makaburi mawili kama yale ya swali letu. Moja lina nguzo nzuri iliyochongwa, lakini halituambii jina wala mwaka. Jingine ni kaburi lisilo na nguzo. Katika ukuta wake yako maandishi ya Kiarabu, na ndani ya maandishi hayo umetajwa mwaka 802 wa Hijra. Mwaka huo ni sawa na mwaka 1399 kwa hesabu ya Kikristo.

Mtu mwepesi wa hesabu atasema, "Hijra ilianza mwaka 622. Basi 802 na 622 ni 1424. Mbona mwalimu amesema 1399?" Ameuliza vizuri. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Katika miaka 800 siku hizo hujikusanya zikawa miaka mingi. Ndiyo sababu hatuwezi kujumlisha tu.

Sasa oneni kazi ya tarehe ile moja. Bwana Kirkman alichimba karibu na kaburi hilo, akatazama vigae vilivyokuwa katika udongo wa wakati wa kujengwa kwake. Vigae vya namna hiyo vikionekana penye nyumba au penye msikiti, alijua kwamba mahali hapo ni pa wakati uleule. Vilivyokuwa chini zaidi vilikuwa vya zamani zaidi. Hivyo mstari mmoja wa maandishi ulisaidia kuupa mji mzima umri wake. Wareno walikaa karibu nao, Malindi, miaka mingi, wala hawakutuachia historia ya Gedi katika vitabu vyao. Mtu mmoja mwenye kujua kuandika, ambaye jina lake halijulikani, ndiye aliyefanya kazi hiyo kwa kutaja mwaka aliofariki ndugu yake.

Basi jibu la swali letu ni hili. Nguzo ndefu hutuambia kwamba marehemu alikuwa mkubwa. Maandishi hutuambia habari ambayo mtu mwingine aweza kuijenga juu yake.

Makaburi ya kwetu

Tumekwenda mbali, sasa turudi nyumbani. Sisi wa Mara tuna mawe mengi kuliko watu wa Pwani. Nani asiyeijua miamba ya Musoma na ya Butiama? Lakini kusimamisha jiwe lenye maandishi juu ya kaburi haikuwa desturi ya wazee wetu. Wengi walizikwa nyumbani kwao, na alama ilikuwa mti, au rundo la mawe, au kumbukumbu ya wajukuu tu.

Kumbukumbu hiyo ilitosha maadamu watu walikaa mahali pamoja. Babu alimwonyesha mjukuu, mjukuu akamwonyesha mtoto wake. Lakini watu wetu wamehama. Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na baada ya muda watu hawakuruhusiwa tena kukaa ndani ya mipaka yake. Baadhi ya familia za upande wa Bunda na Serengeti zina mahame ya mababu huko ndani. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, jamaa nyingi za mkoa huu zilitoka katika miji yao zikahamia vijijini. Makaburi yalibaki nyuma. Mengine sasa ni shamba la mtu mwingine, naye halaumiwi, kwa maana jembe halioni kilicho chini ya udongo.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya watu wakubwa, wenye historia." Hebu tutazame mfano wa mtu mkubwa. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, pale Mwitongo, tarehe 23 Oktoba. Kila mtoto wa shule aweza kuzitaja tarehe hizo. Wazazi wake, Mtemi Nyerere Burito na Mama Mugaya, wamezikwa katika mji huohuo. Mtemi Nyerere Burito alifariki mwaka 1942. Na hilo jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa ilinyesha mvua kubwa. Wazanaki wa siku zile hawakuandika, lakini waliliweka tukio ndani ya jina. Ni njia nzuri. Hata hivyo jina hilo latuambia kwamba mvua ilinyesha. Mwaka ilionyesha halitutajii.

Majina ya namna hiyo yamo katika kila ukoo wa Mara. Yako majina ya njaa, ya vita, ya nzige na ya safari. Wazee wanaojua kisa cha kila jina wanapungua kila mwaka. Baadhi ya wazee wa Mara Kusini waliliona jambo hili mapema, wakaandika habari za makabila yao katika madaftari. Mwaka 2003 maandishi yao yalitolewa katika kitabu kimoja kilichohaririwa na Jan Bender Shetler. Hawakuwa na matumbawe wala bakuli za Uchina. Walikuwa na kalamu.

Kazi ya juma hili

Ndugu mwanafunzi, wewe sasa wajua kuandika. Kwa hiyo nakupa kazi ambayo si ya mazoezi tu. Chagua mtu mmoja wa ukoo wako aliyefariki na ambaye kaburi lake halina jina. Mwendee mzee anayemjua. Andika katika daftari lako jina la marehemu, jina la baba yake, ukoo wake, mahali alipozikwa, na alama iliyo karibu, kama mti, mwamba au mto. Mwisho andika jina la mzee aliyekupa habari, na tarehe uliyoziandika, ili atakayesoma ajue zimetoka wapi.

Mzee akisema hajui mwaka, usikate tamaa, wala usimtajie mwaka wa kubuni. Muulize tukio. Je, ilikuwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, au baada yake? Ilikuwa kabla ya mvua kubwa zile zilizofanya ziwa lijae, mwaka 1961 na 1962? Ilikuwa wakati wa vita ya Kagera, iliyoanza mwaka 1978? Ilikuwa kabla ya meli ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996? Andika, "Alifariki kabla ya vita ya Kagera." Hayo ni maandishi ya kweli, na ukweli mdogo ni bora kuliko tarehe kamili ya uongo.

Kama jamaa wamekubaliana kulijengea kaburi, haihitajiwi gharama ya nguzo. Saruji ikiwa bado mbichi, chukua msumari uandike jina na mwaka, herufi kubwa, za kuzama ndani. Fanyeni shauri kwanza na wenye kaburi, na kila mtu afuate dini yake na desturi ya ukoo wake. Kisha nakilini maneno yaleyale katika daftari, kwa sababu saruji nayo hupasuka, kama mlivyosikia habari ya msalaba wa Bewcastle.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tumbawe lilifaa kwa kuchongwa?
2. Bakuli ya Uchina katika kaburi la Pwani yatufundisha mambo gani mawili?
3. Nguzo ya makaburini Malindi na nguzo yenye msalaba ya Vasco da Gama zina tofauti gani?
4. Bunge la Uingereza liliamuru nini mwaka 1643, na kwa sababu gani?
5. Mwaka 802 wa Hijra ni mwaka gani kwa hesabu ya Kikristo? Mbona hatukujumlisha tu?
6. Taja jina moja la ukoo wako linalokumbusha tukio. Ni nani aliye hai anayejua mwaka wake? Utakwenda kumwuliza lini?

Swali la 6 lisijibiwe kwa midomo tu. Kila mtu aandike siku atakayokwenda, na mwalimu wa darasa aitazame. Kwaherini, mpaka juma lijalo.